Mapigo Mia Moja na Sita

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Talitha aliwasha makaa kwenye jiko la mbabula na kuchemsha kahawa ya baba yake. Ilikuwa nyeusi tititi. Baba Urbain alikunywa vikombe viwili kabla hajavaa viatu, na vingine vitatu akavibeba kwenye chupa ya chai, kwa maana alikuwa dereva wa treni pale Kamina. Talitha alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na nyumbani walimjua kwa maswali yake yasiyokwisha.

Siku moja baba alirudi mapema kuliko kawaida, akaketi bila kuvua viatu. Mama Léonie, ambaye alikuwa mwalimu, akamuuliza kulikoni.

"Nimetoka kupimwa afya," baba alijibu. "Moyo wangu unapiga mara mia moja na sita kwa dakika, na nilikuwa nimekaa tu. Wamenipima damu na kila kitu, hawakuona ugonjwa. Lakini nisiendeshe treni kwa wiki sita, halafu daktari atanipima tena."

"Na mapigo yasiposhuka?"

"Watanipa kazi ya ofisini." Akatazama mikono yake. "Minyi na treni, tuko pamoja miaka kumi na tisa."

Talitha alisogea karibu. "Papa, moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara ngapi?"

"Kati ya sitini na mia, daktari amesema."

"Na nini kinaufanya ukimbie?"

"Alitaja kahawa nyingi, sigara, usingizi mdogo, kutokunywa maji, mwili usiotembea." Baba akatabasamu kidogo. "Hayo yote njo maisha yangu."

Mama alimwonyesha Talitha namna ya kuweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, na kuhesabu huku akiangalia saa ya ukutani. Talitha alianza na mkono wake mwenyewe. Alipokaa, alipata themanini na nne. Akaruka kamba mpaka akahema, akapata mia moja arobaini. Alishangaa sana: kumbe moyo ulisikia kila alichokifanya!

Kesho yake alimpima baba kabla ya kahawa: tisini na nane. Alimpima tena baada ya vikombe viwili na sigara moja: mia moja na tisa. Wote wawili wakatazamana.

"Kumbe ni mimi mwenyewe ninayeuchapa moyo wangu fimbo," baba alisema polepole.

Tangu siku hiyo kahawa ikawa kikombe kimoja, kisha ikawa chai ya mchaichai. Baba alikabidhi pakiti ya sigara kwa mama, na hamu ilipombana alitafuna karanga. Alikunywa maji, akaacha kulala na simu mkononi, na kila jioni akatembea na Talitha mpaka stesheni na kurudi. Wakifika nyumbani, alipumzika akivuta pumzi taratibu, kisha Talitha alihesabu na kuandika kwenye daftari. Wiki ya nne ilipoanza, mapigo yalikuwa yameshuka hadi themanini na nane.

Lakini jioni moja Talitha alihesabu tisini na tisa. Alirudia, akapata vilevile. Baba alikuwa akimtazama usoni kama mtu anayengoja hukumu, na Talitha akamhurumia.

"Themanini na sita, Papa," alisema, akaiandika.

Baba alifurahi mno. Jioni iliyofuata akasema amekwisha kupona, hana haja ya kutembea, akaomba kahawa. Talitha alisimama na birika mkononi, moyo wake ukidunda.

"Papa, nilikudanganya. Haikuwa themanini na sita. Ilikuwa tisini na tisa. Sikutaka uhuzunike."

Baba alimpokea birika, akaliweka chini.

"Hata minyi nilikuficha jambo," alisema. "Jana nilivuta sigara mbili nyuma ya nyumba. Daftari lilitaka kunisuta, lakini weye ukaliziba mdomo."

Talitha alikata namba ya uongo kwa mstari mmoja, akaandika ya kweli pembeni. Kisha wakavaa viatu, wakatoka kutembea.

Wiki sita zilipotimia, walikwenda pamoja kwa Daktari Feza, Talitha akiwa na daftari. Alimpima baba mara mbili.

"Themanini na moja," alisema. "Baba Urbain, Jumatatu rudi kwenye treni yako. Ila moyo ukienda mbio pamoja na kizunguzungu au maumivu ya kifua, usikae nyumbani kuhesabu. Njoo hapa mara moja."

Kisha alifungua daftari, akaweka kidole juu ya namba iliyokatwa. Talitha alieleza yote bila kuinua macho.

"Mwanangu," Daktari Feza alisema, "kilichomsaidia baba yako ni mambo madogo ya kila siku: maji, usingizi, kutembea, kuacha sigara. Lakini uongo mmoja wa huruma ulikaribia kumrudisha kwenye kahawa. Ukimpenda mgonjwa, mwambie ukweli, hata ukiwa mchungu, ili ajue la kufanya."

Talitha alitikisa kichwa kukubali. Kisha akauliza, "Na wewe, Daktari, moyo wako unapiga mara ngapi?"

Daktari Feza akacheka, akamnyoshea mkono. "Hesabu. Na unitajie namba ileile utakayoipata."