Mahindi Mekundu ya Mako

Mako alizoea kuamka mapema akamue ng'ombe. Hata ng'ombe walipokwisha, aliamka vilevile. Alichukua kibuyu, akakifukiza moshi, akakiweka tayari kwa maziwa. Kisha alikumbuka kwamba hakuna maziwa.

Huo ulikuwa mwaka wa 1984. Mvua ilikataa kabisa upande wote wa Isiolo. Ng'ombe walikufa kuanzia Merti hadi Sericho. Yattani, mume wa Mako, alikuwa na zizi lililojaa. Sasa alibaki na fimbo mkononi. Familia ikahamia Rapsu, penye mitaro ya maji na mashamba. Wafugaji waliopoteza mifugo waliambiwa walime. Haya, walime! Lakini mtu aliyekulia nyuma ya ng'ombe atalijua jembe wapi? Yattani alilishika jembe kama mtu aliyeshikishwa nyoka.

Kibandani walikuwa wanne. Yattani, Mako, binti yao Talaso, na mama yake Yattani, ambaye wote walimwita Akko, yaani nyanya. Talaso alikuwa mdogo, lakini mdomo wake ulikuwa wa watu wazima watatu. Aliuliza maswali tangu asubuhi hadi usingizi umshike.

Njaa ilipozidi, Yattani alikwenda Sericho kwa ndugu yake.

"Naenda kuomba mbuzi mmoja wa maziwa," alisema. "Kwa ajili ya mtoto."

Alipokuwa safarini, lori la msaada lilifika Rapsu na magunia. Afisa mmoja alisimama juu ya lori akaeleza kwa Kiswahili cha haraka. Alisema hizi ni mbegu, zipandwe, zisiliwe. Wanaume waliokuwa mbele walisikia. Wanawake walikuwa wamesimama nyuma kabisa, kama desturi ilivyotaka. Na Kiswahili cha Mako kilikuwa cha kununulia chumvi na majani ya chai tu. Hakuambulia kitu. Alipewa gunia dogo, akalibeba mgongoni hadi nyumbani.

Akko alilifungua. Mahindi yalikuwa mekundu.

"Haya ni ya aina gani?" Mako aliuliza.

"Mimi nitajuaje? Kwani nimewahi kulima?" Akko alijibu. "Labda ya Wazungu ndivyo yalivyo."

Talaso aliinama akatazama picha iliyochorwa kwenye gunia. Ilikuwa picha ya fuvu la kichwa cha mtu na mifupa miwili.

"Akko, huyu mtu amekonda kutushinda sisi! Macho yake yako wapi?"

Akko alicheka. "Hiyo ni chapa, mwanangu. Ng'ombe wetu walikuwa na alama ya ukoo kwenye paja, si ndiyo? Kila mwenye mali ana chapa yake. Mwenye mahindi haya chapa yake ni kichwa."

Chini ya picha kulikuwa na maandishi makubwa meusi. Hakuna aliyeyajali. Na wangeyajali vipi?

Mako aliyaosha mahindi. Maji yakatoka mekundu. Akaosha tena na tena mpaka maji yakapungua rangi. Kisha akayachemsha. Yalipoiva, Akko alionja kidogo, meno hayakumruhusu kuendelea. Mako, kama mama yeyote, alisubiri mtoto ashibe kwanza.

"Ongeza, ayyo," Talaso alisema. Ayyo ni mama.

Mako alimwongeza. Akampa na fungu lake mwenyewe. Jambo hili hunichoma moyo kila nikifika hapa, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mtoto alishiba, kwa mara ya kwanza tangu wahamie.

Haukupita muda mrefu, Talaso akaanza kutapika. Mate yalimtoka. Mikono ikatetemeka. Akko naye, ingawa alikuwa ameonja tu, alijikunja akishika tumbo. Jirani yao Gababo alifunga punda kwenye mkokoteni, wakampeleka mtoto zahanati ya Kinna.

"Amekula nini?" daktari aliuliza.

"Mahindi."

"Mahindi gani, mama? Yako wapi? Mfuko wake uko wapi?"

Mako hakuwa ameubeba. Alisema tu, "Mekundu. Ni mekundu." Daktari alielewa, akaacha kila kitu, akamhangaikia mtoto. Lakini sumu ilikuwa imekwenda mbali. Talaso alikufa kabla jua halijainama, kichwa chake kikiwa mapajani kwa mama yake. Walimzika siku hiyohiyo.

Yattani alirudi kutoka Sericho akivuta mbuzi. Alikuwa na maziwa mengi, mbuzi yule. Yattani alimwona Mako ameketi chini, akauliza, "Talaso yuko wapi?"

Watu walikuja kutoa pole. Mmoja wao alikuwa Habsa, binti wa Ahmednur mwenye malori wa Isiolo mjini. Habsa alifanya kazi na shirika dogo linalofundisha watu wazima kusoma. Shirika hilo halikuwa na majengo. Lilikuwa na walimu wachache, vitabu vichache, na subira.

"Salaam aleikum, Mama Talaso," Habsa alisema. "Pole sana, dada yangu."

"Aleikum salaam."

Habsa aliketi. Macho yake yakaenda mlangoni. Mako alikuwa amelitundika lile gunia kuzuia vumbi. Habsa alilikazia macho.

"Unaangalia nini?" Mako aliuliza.

"Maandishi."

"Yanasema nini?"

Habsa hakutaka kusoma. Mako alimshika mkono. "Soma!"

Habsa akasoma. "Sumu. Mbegu za kupanda tu. Usile, hata ukiziosha."

Mako aliinuka akalisogelea gunia. "Lilikuwa linasema? Siku zote hizi lilikuwa linasema, na mimi nasimama mbele yake?"

"Sisi tulidhani ni chapa," Akko alisema, akalia kwa sauti. "Mimi ndiye niliyesema ni chapa. Yaa Rabbi, mimi!"

Habsa hakumlaumu mtu. Alieleza polepole. "Picha hii ni ya hatari. Mbegu hupakwa dawa ili wadudu wasizile ardhini. Hupakwa rangi pia ili mtu ashtuke. Kuosha hakuondoi dawa, wala kuchemsha. Msile, wala msiwape kuku au mbuzi. Gunia lake lisiwekwe unga. Na mtu akila kwa bahati mbaya, mkimbizeni zahanati, na gunia mlibebe, ili daktari asome ni dawa gani."

"Ungekuja mapema," Mako alisema.

"Nilikuja, mama. Nilipita kila nyumba nikiwaita darasani."

Habsa alijuta kusema hivyo, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Ni kweli alikuja. Mako alikuwa amemwambia, "Nisome, halafu nimkamue nani? Kitabu kina maziwa?"

Siku arobaini zilipopita, Mako alikwenda darasani. Darasa lilikuwa ndani ya stoo ya mashamba. Ubao ulikuwa mbao za ubavu wa lori la zamani la baba yake Habsa, zimepakwa rangi nyeusi. Habsa alitaka kuanza na mama na baba, kama kawaida.

"Hayo baadaye," Mako alisema. "Nifundishe lile la gunia."

Nyumbani, Yattani alimwuliza kwa uchungu, "Ukisoma, atarudi?"

"Hatarudi."

"Sasa?"

"Sasa nitasoma."

Msinidhanie nitasema alisoma kwa furaha. La. Alisoma akilia. Herufi zilimkimbia. Wenzake waliacha mmoja mmoja kwa sababu ya njaa, na siku nyingine Mako alikuwa peke yake na mwalimu. Alishika chaki kwa nguvu mpaka ikakatika. Habsa alimpa nyingine.

Msimu uliofuata magunia yalikuja tena. Safari hii mahindi yalikuwa ya kijani, na gunia halikuwa na picha yoyote. Maandishi matupu. Mako alikuwa akipita kwa Gababo alipoona sufuria jikoni na watoto wameizunguka.

"Mama, mnapika nini?"

"Mahindi ya msaada," mke wa Gababo alijibu. "Usiogope. Si mekundu haya, wala hayana fuvu."

Mako aliliendea gunia. Aliweka kidole chini ya neno. "Su... mu. Sumu." Akasogeza kidole. "M-be-gu. Za ku-pa-nda." Hakumaliza. Alishika sufuria kwa mikono mitupu akaimwaga yote mtaroni nyuma ya nyumba, mahali maji yalipokauka.

"Una wazimu?" mke wa Gababo alipiga kelele. "Wako ulimwua mwenyewe, sasa unataka kuua wangu kwa njaa?"

Mako alipokea maneno hayo. Alifukia mahindi, akaleta maziwa ya mbuzi, machache sana kwa watoto watano. Kisha alikwenda nyumba hadi nyumba kando ya mtaro, akiwa na mikono iliyoungua, akiwasomea watu magunia yao. Mahindi yote yalipandwa. Hakuna aliyekufa kwa sumu Rapsu msimu ule.

Asubuhi iliyofuata baada ya sufuria kumwagwa, Yattani alimkuta Mako amesimama nje, uso ameuelekeza kwa jirani. Watoto wa Gababo walikuwa wanalia njaa.

"Kelele gani hii?" Yattani alisema. "Tangu alfajiri hawanyamazi."

"Waache walie," Mako alisema. "Nimesikiliza sauti zao moja moja. Wote wapo."