Adero Anaitwa Chachu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Adero alimsaidia mama yake, Dorca, kuanika omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni Usenge. Kisha alijaza chupa maji yaliyochemshwa, akashika njia. Mwaka ule wa 1971 redio ilikuwa ikitangaza habari za kipindupindu, lakini watoto wengi shuleni walikunywa maji ya ziwa vivyo hivyo.

Mwanzoni walimcheka. Baadaye Lornah, aliyeketi naye dawati moja, akaanza kuja na chupa yake, na nusu ya darasa wakafuata. Ndipo Mwalimu Wakhisi akasema mbele ya shule nzima kwamba Adero ni chachu.

Hapo mambo yakaharibika. Watoto wale neno hilo walilijua kwa maziwa yaliyolala yakaharibika tu. Tom, mtu wa mzaha, hakukawia.

"Wewe Chachu, sogea huko, utaharibu chai yetu."

Darasa likaangua kicheko. Kesho yake Adero alikwenda shule mikono mitupu. Lornah naye akaiacha chupa nyumbani, na wakati wa mapumziko wote wakateremka kunywa ziwani.

Dorca alipoambiwa, alijifunga leso, akaenda shuleni. Hakubisha hodi.

"Mwalimu, mtoto wangu ameoza wapi?"

Mwalimu alishangaa, kisha akaelewa. Akampa kiti, akamwuliza uji wake huutengeneza vipi.

"Si nakoroga unga na maji, natia ule kidogo uliobaki jana, nafunika. Asubuhi umeumuka wote."

"Huo kidogo, Mama Adero, ndio chachu."

Dorca akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Akasema angeambiwa thowi, kwa Kijaluo, asingekuja na hasira. Mwalimu akampeleka darasani awaeleze watoto mwenyewe.

Kesho yake Adero alibeba chupa tena, na Tom akawa wa kwanza kunyoosha kikombe.

"Chachu, nigawie."

Safari hii Adero alicheka naye. Wazazi wakaanza kupokezana kuleta kuni, maji yakachemshwa palepale shuleni. Ugonjwa ulipita, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyelazwa.

Siku ya kufunga shule, Mwalimu Wakhisi alisimama mbele yao.

"Chachu huingia kidogo tu, na unga wote unabadilika. Ukianza jambo jema, usiliache kwa sababu umechekwa. Wenzako wanakutazama. Haya, nani mwingine anataka kuitwa chachu?"

Mikono ikainuka dawati hadi dawati, na Tom akapanda juu ya benchi ili wake uonekane.