Walioogopa Povu

Kila Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, baraza ya Bi Mwanaidi pale Kivinje ilijaa watu. Kilikuwa kikao cha kikundi cha Tufaane. Mtaani kukitokea msiba, Tufaane ndio waliopika, wakateka maji na kuosha maiti. Mgonjwa asiye na ndugu walimfulia nguo. Uwanja wa zahanati ukiota majani, walikwenda na majembe yao.

Kikao hicho kilikuwa na kelele kuliko soko la samaki. Aliyechelewa hakupewa pa kukaa mpaka acheze ngoma katikati ya baraza, wenzake wakimwimbia. Alhamisi moja alichelewa Abdurahmani, mwanamume mnene, mbeba masufuria makubwa ya kikundi.

"Cheza!" watu wakapiga kelele.

"Jamani, nihurumieni. Goti linauma."

"Jumapili kwenye pilau ya harusi goti lilikuwa zima?" Hamida akamuuliza. "Au lilikuwa limeazimwa?"

Baraza nzima ikacheka. Abdurahmani akashika kiuno, akacheza.

Hamida alikuwa mpishi mkuu wa Tufaane, na kwa utani hakuwa na mpinzani. Lakini siku hiyo alicheka huku akitupa jicho pembeni. Pale pembeni, kwenye jiko la mkaa, binti yake Maimuna alikuwa akichoma mihogo na kuchemsha chai. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupewa kazi ya kuwapikia wanakikundi.

Maimuna alikuwa msusi. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, na mabibi harusi wa Kivinje walikuwa tayari kupanga foleni kumngoja yeye. Hamida alitaka jambo moja tu: watu wamwone binti yake kuwa mtu mzima sawa na wenzake. Ndiyo maana hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba Maimuna ana kifafa.

Ugonjwa ulimwanza akiwa shule ya msingi. Hospitali walimpa vidonge vya kunywa asubuhi na jioni. Alivinywa, akaacha kuanguka. Mwaka ukapita, na mwingine ukapita. Kisha ikaingia Ramadhani.

"Mwanangu, mwaka huu ufunge kama wenzako," Hamida alimwambia. "Ukionekana unakunywa maji mchana mwezi mzima, watu watauliza."

"Na dawa, mama?"

"Kwani hujapona? Mara ya mwisho kuanguka lini?"

 Maimuna naye alitaka kufunga kama wenzake. Wakaacha vidonge vya asubuhi. Walipoona hakuna kilichotokea, wakaacha na vya jioni. Idi ikaja, ikapita. Vidonge vikabaki kabatini.

Sasa ulikuwa mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na Maimuna alikuwa kwenye jiko la Tufaane.

Hamida aliingia ndani kuchukua vikombe. Huko nje kicheko kilikuwa bado kinaendelea. Ghafla akasikia kishindo. Kicheko kikakatika.

"Msimguse!" Ilikuwa sauti ya Bi Mwanaidi, mwenyekiti. "Anatoka povu! Ukiguswa na povu lile, na wewe umeupata!"

Hamida akatupa vikombe, akatoka mbio. Wanakikundi wote walikuwa wamerudi nyuma mpaka ukutani. Maimuna alikuwa amelala chini, mwili unatikisika. Jiko lilikuwa limepinduka. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya makaa.

Hamida alimrukia, akamvuta.

"Nisaidieni!"

Hakuna aliyesogea. Watu hawa waliosha maiti za ndugu na za wageni bila kuogopa. Leo walimwogopa msichana aliye hai.

"Mnusishe kitunguu!" Abdurahmani akapaza sauti, akarusha kitunguu kutoka mbali.

"Mtie kijiko mdomoni, atameza ulimi!" mwingine akasema. Kijiko nacho kikarushwa.

Kila mtu alitoa neno. Mkono hakuna aliyeutoa. Hamida, kwa kuchanganyikiwa, alikishindilia kile kijiko kati ya meno ya mwanawe. Jino la mbele likavunjika. Kisha akarushiwa dawa ya meno, akaupaka ule mkono ulioungua.

Abdurahmani aliita bajaji, lakini hakupanda. Hamida alimpakata binti yake peke yake. Bajaji ilipoondoka aligeuka nyuma. Alimwona Bi Mwanaidi akimwaga chai yote mchangani. Mihogo waliwatupia kuku. Kuku hawakuogopa, walikula.

Pale zahanati walimkuta Lusia, muuguzi. Lusia alikuwa mwenyeji wa Mtama, na alikuwa amehamia Kivinje mwaka ule. Aliutazama mkono, akakunja uso.

"Mama, mmepaka nini hapa?"

"Dawa ya meno, nesi."

"Pole, mama. Lakini moto hautibiwi kwa dawa ya meno, wala unga, wala yai. Mtu akiungua, mmwagie maji safi ya baridi kwa dakika ishirini. Kisha mfunike kwa kitambaa safi, mje. Basi." Alikuwa akisema huku anasafisha taratibu. "Aliangukaje?"

Hamida aliangalia sakafu. Maimuna, aliyekuwa ameshazinduka, akajibu mwenyewe.

"Nina kifafa, dada. Nilikuwa nakunywa vidonge. Tuliviacha Ramadhani."

"Nani aliwaambia mviache?"

"Hakuna," Hamida akasema kwa sauti ndogo. "Nilidhani amepona."

"Alikuwa haanguki kwa sababu anakunywa dawa. Dawa ndiyo ilikuwa inamshika. Ukiikata ghafla, kifafa hurudi, na pengine hurudi kwa nguvu zaidi. Tena njaa na kukosa usingizi, kuamka daku kila siku, vyote humchokoza mgonjwa."

"Na saumu je?"

"Habari za dini waulize masheikh. Mimi ni Mkristo, siwezi kukusemea."

"Najua watasema nini," Hamida akajibu. "Mgonjwa ana ruhusa. Nilikuwa najua tangu zamani. Niliogopa maneno ya watu."

Lusia hakumgombeza. "Mwakani njooni kwetu kabla ya mfungo. Tutatazama kama dawa zinaweza kupangwa usiku, au asifunge. Lakini msiache dawa bila kutuuliza. Hata siku moja."

Maimuna alipelekwa hospitali, akalazwa. Alirudishiwa vidonge vyake. Tufaane waliokuwa wakitembelea kila mgonjwa wa mtaa hawakufika. Hamida alikaa kando ya kitanda, na kila mlango ulipofunguliwa aligeuka. Aliyekuja alikuwa Lusia tu, na chungwa mkononi.

Siku ya kufunguliwa bandeji, daktari alimwambia Maimuna akunje ngumi. Akaweza. Akamwambia afungue. Vidole vitatu vilibaki vimejikunja.

"Vitanyooka?" Maimuna akauliza.

"Utafanya mazoezi. Vitalegea kidogo."

"Nitaweza kusuka?"

Daktari alijaribu kuvinyoosha, vikajikunja tena. Maimuna akageuza uso ukutani.

Alhamisi iliyofuata Hamida alikwenda kwenye kikao. Alichelewa, tena hakuwa peke yake. Alikuja na Lusia. Walipofika, hakuna aliyemwambia acheze.

"Karibu, Hamida," Bi Mwanaidi alisema. "Tumekaa, tumezungumza. Binti ni wetu, hatumfukuzi. Ila kupika apumzike. Na siku za shughuli aje na sahani yake na kikombe chake. Ni usalama wa wote."

"Ametenda kosa gani, Bi Mwanaidi?"

"Si kosa. Ugonjwa huo unaambukiza."

"Shikamoo, bibi," Lusia akaingilia kwa upole.

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba nafasi niseme. Kifafa hakiambukizi. Si kwa povu, si kwa sahani, si kwa pumzi. Povu lile ni mate tu. Mtu akitikisika hawezi kumeza mate, basi yanatoka."

"Na kinatoka wapi, kama si mashetani?" Abdurahmani akauliza.

"Kinatoka kwenye ubongo. Ubongo ndio unaouongoza mwili. Kuna wakati unapata hitilafu kwa muda mfupi, na mwili unatikisika bila mwenyewe kutaka. Kwa wengine sababu ni kuumia kichwa, au malaria kali ya utotoni, au shida wakati wa kuzaliwa. Kwa wengine sababu haijulikani. Wengi wakinywa dawa kila siku hawaanguki tena."

"Bibi yangu alisema kuna mtu aliguswa na povu, akaupata," Bi Mwanaidi akasisitiza.

"Mimi nimefuta povu la Maimuna kwa nguo hizi hizi," Hamida akasema.  "Nimemfuta tangu akiwa mtoto. Nimekupikieni ninyi kwa mikono hii misiba yote. Nani kati yenu ameanguka?"

 Hamida hakuwa na utani siku hiyo.

"Mlikuwa wengi," akaendelea. "Mtu mmoja tu angemtoa mapema kwenye moto. Mmoja! Binti yangu angekuwa anasuka leo."

Abdurahmani alitazama miguu yake.

"Basi tuoneshe, nesi," akasema hatimaye. "Ikitokea tena, mtu afanye nini?"

"Njoo ulale hapa."

"Mimi?"

"Wewe. Wewe ndiye mgonjwa."

Abdurahmani akajilaza kwenye mkeka. Watu wachache wakacheka. Lusia akapiga magoti kando yake.

"Kwanza, ondoa kila kitu kinachoweza kumuumiza. Jiko, kisu, mawe. Kama yuko karibu na moto au maji, msogeze yeye. Pili, weka kitu laini chini ya kichwa. Kanga, shati, chochote. Legeza nguo shingoni. Msimkandamize, mwacheni atikisike."

"Na kijiko?"

"Hakuna kijiko! Hakuna kidole, hakuna kitambaa. Ulimi haumezwi. Mtamvunja meno au atapaliwa." Hamida aliposikia hayo aliuma midomo. "Kitunguu nacho, kiberiti, kiatu, acheni. Havisaidii."

Kisha Lusia alimgeuza Abdurahmani alale ubavu. "Hivi. Mate yatoke nje, apumue. Tazama saa. Wengi hutulia baada ya dakika chache. Zikipita dakika tano bado anatikisika, au akianza tena kabla hajazinduka, mkimbizeni hospitali. Msimpe chakula wala maji mpaka azinduke vizuri. Na mtu akae naye. Akiamka asijikute peke yake."

"Na akiwa mtoto mwenye homa?" mama mmoja akauliza.

"Mfanyie hivi hivi, halafu mlete zahanati mara moja, hata akitulia. Degedege linaweza kuwa malaria kali. Msianze kwa mganga."

 Chai ilipoletwa, Bi Mwanaidi alikunywa akitazama upande mwingine.

Kabla ya mwezi kuisha, kulikuwa na khitma ya marehemu mmoja mtaani. Tufaane walikuwa wanapika. Mjukuu wa Bi Mwanaidi, kitoto cha miaka mitatu, kilikuwa na homa tangu asubuhi. Kilikuwa karibu na mafiga kilipokakamaa na kuanza kutikisika. Mtu mmoja akakimbia. Mwingine akapiga kelele, "Kitunguu!"

"Kitunguu chako kaungie mchuzi!" Abdurahmani akafoka.

Alikibeba kitoto, akakitoa penye moto. Akavua shati, akaliweka chini ya kichwa. Akakilaza ubavu, akakifuta povu kwa kiganja chake, akatazama saa. Kilipotulia akakipakata, wakapanda bajaji pamoja na Bi Mwanaidi. Zahanati walikipima, wakakuta malaria. Kikatibiwa, kikapona.

Siku iliyofuata Bi Mwanaidi alifika kwa Hamida. Maimuna alikuwa ukumbini, akijaribu kusuka nyuzi kwa mkono wake wa kushoto. Alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu."

"Mjukuu anaendeleaje, bibi?"

"Hajambo, alhamdulillahi. Abdurahmani alimfuta mpaka povu. Kwa mkono mtupu."

"Vizuri," Maimuna akasema. "Mimi hakunifuta mtu."

Bi Mwanaidi aliinamisha kichwa. Hamida naye hakujua atazame wapi.

"Tumekosa, mwanangu. Tumekukosea sana. Nakuomba utusamehe. Urudi Tufaane. Upike, ule nasi sinia moja."

Maimuna aliziweka nyuzi chini. "Alhamisi nitakuja na dada Lusia," akasema. "Nitawaambia watu nilivyoacha dawa, na mlivyoniacha. Wapo wengine mitaani wamefichwa ndani. Wasikie, watoke, waende wakapate dawa. Kwa hilo nitakuja."

"Na msamaha?"

"Nimekusikia, bibi."

Alhamisi ile baraza ilifurika. Walikuja hata wasiokuwa wanakikundi. Mama mmoja kutoka Kikole alikuja na mtoto wake wa kiume. Alikuwa hajampeleka shule kwa sababu ya kifafa. Maimuna alisimama mbele yao. Alisema kwa sauti ndogo, lakini hakuruka neno. Alisema kwamba sasa anakunywa vidonge vyake kila siku, na hajaanguka tena. Aliinua mkono wake wauone. Kikao kilipokwisha, mama wa Kikole alimfuata Lusia, wakapanga siku ya kumleta mtoto zahanati.

"Jamani, makofi kwa Maimuna!" Abdurahmani akaita.

Baraza nzima ikapiga makofi. Walipiga kwa nguvu, walipiga muda mrefu, wengine machozi yakiwatoka. Maimuna aliwangoja wamalize. Kisha akaurudisha mkono wake ndani ya kanga, akamwambia mama yake, "Twende nyumbani. Saa ya dawa imefika."