Mama Kinu na Vizibo vya Masikio

Mashine ya kusaga nafaka ya Mama Kinu ilikuwa katika chumba kimoja chenye mlango wa bati na dirisha dogo. Ndani mlikuwa na mota, mkanda, mizani, na mwanamke mmoja ambaye kilemba chake kilikuwa chekundu asubuhi na cheupe jioni kwa vumbi la unga. Kila mtu mtaani alimwita Mama Kinu. Jina lake la kuzaliwa alilikumbuka mumewe tu, na hata yeye hakulitumia.

Saa mbili asubuhi mashine iliwashwa. Tangu hapo hadi saa kumi jioni hakuna aliyezungumza kwa kawaida mle ndani. Mteja aliyetaka unga laini alipaza sauti. Mama Kinu naye alimjibu kwa sauti ya juu zaidi. Mtu aliyepita nje angedhani watu wanataka kushikana mashati, kumbe mmoja anaulizia hali ya mgonjwa.

Mama Kinu alikuwa hodari wa kazi yake, na alijijua. Hakuhitaji kugusa unga ili ajue kama ni laini. Alisikiliza tu. Chekecheo likitoboka, alisikia. Mkanda ukilegea, alisikia.

"Mashine ni kama mtoto mchanga," alikuwa akisema. "Kila shida ina kilio chake."

Alikuwa ameilea mashine hiyo kwa sikio miaka kumi na minane. Sasa alikuwa akimfundisha binti yake, aliyemaliza shule mwaka uliopita. Somo la kwanza lilikuwa hilohilo: sikiliza.

Wiki ya pili ya kazi, binti alisema, "Mama, jioni masikio yangu yanalia. Kama kuna nyenje ndani."

"Yatazoea," mama alijibu. "Yangu yalilia mwaka mzima, mwisho yakanyamaza yenyewe."

Kesho yake binti alikuja kazini na pamba masikioni. Mama Kinu alimwona, akamwita, akaichomoa pamba mbele ya wateja.

"Sikio lililozibwa litajifunza nini? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Wateja walicheka. Binti aliitia pamba mfukoni akaendelea kupima mahindi.

Nyumbani, mume wa Mama Kinu, fundi cherehani, alikuwa na malalamiko yake.

"Mke wangu, hii redio ni yetu au ni ya mtaa mzima?"

"Unasemaje?"

Akarudia. Mama Kinu alipunguza sauti kidogo sana, akasema siku hizi watu wote wanang'ong'ona, na mume ndiye mkuu wao.

Siku moja ya Jumanne, mteja mmoja alisimama mlangoni akajiziba masikio kwa viganja.

"Mama Kinu! Mashine yako inapiga filimbi!"

Mama Kinu aliinamisha kichwa akasikiliza. Alisikia ngurumo ileile ya kila siku.

"Haina kitu!"

Binti alikuja mbio kutoka upande wa mota. "Mama, ni kweli! Kuna mlio mwembamba. Zima kwanza!"

"Aliyeilea mashine hii ni mimi au ni wewe?"

Akamimina debe jingine. Kabla halijaisha, moshi ulitoka upande wa mota. Grisi ilinuka kama sufuria iliyoungulia jikoni. Kisha mkanda ukakatika, ukaruka, ukachapa ukuta kwa kishindo na kubandua lipu. Hapo ulipochapa ndipo binti alipokuwa amesimama muda mfupi uliopita.

Mota ilizimwa. Mama Kinu alikaa juu ya gunia. Alikuwa na hofu, na hakuificha. Alimshika binti yake mkono na hakuuachia kwa muda mrefu.

Fundi wa mashine alifika asubuhi iliyofuata. Shingoni alikuwa na vizibo viwili vya mpira vilivyounganishwa kwa kamba. Alifungua mota, akatoa beringi, ile pete ya chuma inayoshika mhimili, ikiwa nyeusi.

"Hii imeungua, dada. Imelia siku nzima. Hukuisikia?"

Mama Kinu alimtazama binti yake, kisha akaitazama beringi.

"Sikuisikia," alisema.

Fundi hakushangaa. "Beringi ikikauka hulia kwa sauti nyembamba. Na sisi watu wa mashine, sauti nyembamba ndizo hutuaga kwanza. Ngurumo utaisikia hadi uzeeni. Mwenzangu mmoja alibisha, akabisha, na leo mkewe akimwita chakula kipo tayari, anamrushia kofia. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini la kwako bado halijafa. Nenda zahanati ukapimwe."

Zahanati ilikuwa na muuguzi wa masikio kila Alhamisi. Mama Kinu alikwenda na binti yake. Muuguzi alimvisha vipokea sauti vya masikioni, akamketisha.

"Ukisikia mlio, hata mdogo kiasi gani, inua kidole."

Mama Kinu aliinua kidole. Akainua tena. Kisha kidole kikatulia gotini. Akangoja. Akangoja sana. Mwisho akavua vile vipokea sauti.

"Muuguzi, mashine yako imekufa."

"Haijafa, mama," muuguzi alisema kwa upole. "Imepiga milio minane tangu kidole chako kitulie."

Muuguzi alivuta kiti akakaa karibu.

"Ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo sana. Huvioni kwa macho. Hivyo ndivyo vinavyopokea sauti. Kelele kubwa huvilaza, kama nyasi zinavyolala zikikanyagwa. Vikipumzishwa, vingine huinuka. Vikikanyagwa kila siku miaka na miaka, hufa. Na vikifa, havioti tena."

"Dawa yake?"

"Ya kuvirudisha hakuna. Ila vile vilivyobaki tunaweza kuvilinda. Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

"Nitajuaje kama kelele ni kubwa mno?"

"Mtu akiwa karibu yako, umbali wa mkono mmoja, na bado unalazimika kupaza sauti ili akusikie, kelele hiyo inadhuru." Akamgeukia binti. "Na wewe? Jioni masikio hayalii?"

Binti alimtazama mama yake kwanza. "Yanalia," alisema.

"Huko si kuzoea kazi. Hilo ni sikio lililoumizwa. Na mlio ukikoma, usidhani lazima sikio limepona."

Mama Kinu aliinamisha kichwa. Alikumbuka alivyochomoa pamba mbele ya watu, na wateja walivyocheka. Alijiona amemkosea mtoto wake. Akamwambia hivyo palepale, mbele ya muuguzi.

"Pamba nayo haikumsaidia," muuguzi alisema. "Pamba huzuia vumbi. Kelele inapita kama maji kwenye chujio. Mnahitaji vizibo vya masikio."

"Lakini nikiziba, nitaisikiaje mashine?"

"Kizibo hakifuti sauti, kinaipunguza. Ukivaa kofia kwenye jua kali, huoni njia?"

"Naona."

"Basi ni hivyo."

Akawapa vizibo vya sponji. Mama Kinu alisukuma kimoja sikioni kwa kidole. Kilikaa kidogo, kikachungulia, kikaanguka sakafuni.

"Kimenikataa," alisema, na binti akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Muuguzi akampa kingine. "Kwanza mikono iwe safi. Kiviringishe kwa vidole hadi kiwe chembamba. Sasa pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, ulivute sikio juu na nyuma kidogo, ili njia inyooke. Ingiza haraka kabla hakijavimba. Kishikilie hapo, hesabu hadi thelathini. Haya, sema neno."

"Neno gani?" Mama Kinu aliuliza, akashtuka. Sauti yake mwenyewe ilitoka kama yumo ndani ya pipa.

"Hapo kimekaa sawasawa. Ukikitoa, kizungushe polepole, usikichomoe kwa nguvu. Cha sponji kikichafuka, kitupe. Cha mpira unakiosha kwa sabuni. Kila mtu na chake. Na sikio likiuma au likitoa usaha, usizibe, njoo huku."

Beringi mpya ilipofungwa, kazi ilianza kwa namna nyingine. Wateja waliacha mizigo wakangojea nje. Vizibo vilivaliwa kabla mota haijawashwa. Vilitolewa ilipozimwa tu, kwa sababu kizibo cha nusu siku ni ulinzi wa nusu sikio. Mikono ilichukua kazi ya makelele: vidole vitatu vikisuguana, unga laini, kiganja wazi, unga wa chenga. Beringi zilipakwa grisi kila Jumamosi.

Siku za mwanzo Mama Kinu aliona mashine imekuwa mgeni. Ilikuwa ikisemea mbali, kama iko kwa jirani. Wiki ya tatu walielewana tena. Chekecheo lilipotoboka, alilisikia akiwa na vizibo masikioni. Lakini milio myembamba haikurudi. Fundi alipokuja kukagua, Mama Kinu alimwambia mbele ya wateja wote, "Milio myembamba muulize binti yangu. Mimi siisikii."

Hakuna aliyecheka.

Baada ya mwaka mmoja, mama na binti walirudi zahanati. Mama Kinu alipimwa kwanza.

"Masikio hayajashuka," muuguzi alisema. "Yako palepale ulipoyaacha."

Kisha binti akakaa kwenye kiti. Alikuwa amesema nyenje wamehama tangu mwezi wa pili wa kuvaa vizibo, lakini maneno ni maneno. Mama Kinu alikaa pembeni, mikono magotini. Muuguzi alibonyeza. Kidole cha binti kiliinuka. Akabonyeza tena. Kikainuka. Halafu muuguzi akamtupia Mama Kinu jicho mara moja tu, naye akaelewa kuwa sasa wamefika kwenye milio ile.

Hakusogea. Aliihesabu kwa macho, kila kidole cha binti kilipoinuka. Ilifika minane.