Apiyo Ajisifu Darasani

Apiyo analima mpunga Ahero. Asubuhi yuko shambani. Jumatatu na Jumatano jioni huenda kanisani kujifunza Kiswahili pamoja na wakulima wenzake.

Ana sababu. Mfereji wa maji umeziba, na miche yake inageuka manjano. Afisa mpya wa maji hajui Dholuo, lugha ya Apiyo. Katika mkutano wake wa kwanza na wakulima, Apiyo aliinuka akasema, "Maji..." Watu wakangoja. Akakaa. Aliona haya sana. Mkutano mwingine ni baada ya wiki mbili.

Mwalimu Robinson ana bidii, hilo hatumnyimi. Aliandika ubaoni: Kiti kimevunjika. Viti vimevunjika. Darasa likarudia mara kumi. Mzee Okello akasinzia.

"Mwalimu, mimi naacha," alisema Apiyo. "Viti nimejua. Lakini viti yangu haina shida. Shida ni maji."

Robinson alinyong'onyea. Alimwendea jirani yake, Mama Nasipwondi, mwalimu mstaafu.

"Wanafunzi wako wakienda harusini hunyamaza?" Nasipwondi aliuliza.

"Wapi, Mama! Wanasimamisha muziki wajisifu. Hiyo ndiyo pakruok yetu."

"Basi ilete darasani. Kila mtu ajisifu kwa Kiswahili. Ataje shamba lake, kuku wake, hata shida yake. Akikosea, wenzake wapige makofi mawili, naye arudie. Ni marufuku kumcheka. Mtu hushika upesi maneno anayoyahitaji. Na kwenye mchezo, kurudia hakuchoshi."

Jumatano Robinson alifuta viti vyake ubaoni. Okello alianza, macho wazi kabisa. "Mimi ni Okello! Kuku wangu wanataga mpaka Jumapili!"

Zamu ya Apiyo ikafika. "Mimi ni Apiyo, nyar Alego! Mchele yangu inanukia mpaka Kondele!"

Pa! Pa! Hakuna aliyecheka.

"Mchele wangu unanukia mpaka Kondele!"

"Na maji, je?" aliuliza Robinson.

"Maji yangu imepotea!"

Pa! Pa!

"Maji yangu yamepotea! Mfereji umeziba!"

Walicheza hivyo kila kipindi, mpaka sauti ya Apiyo ikaacha kutetemeka.

Siku ya mkutano ilipofika, aliinuka tena. Sasa mdomo ulikuwa umezoea.

"Mimi ni Apiyo, binti wa Alego. Mchele wangu unanukia mpaka Kondele." Wakulima walishangilia. Afisa akatabasamu. "Lakini mwaka huu hautanukia, Bwana Afisa. Mfereji umeziba karibu na daraja. Miche yangu inakufa. Njoo uone."

"Twende sasa hivi, Mama," alisema afisa.

Jumatano iliyofuata Apiyo alichelewa darasani. Alikuwa na tope mpaka magotini.

"Mama, mbona saa hizi?" aliuliza Robinson.

"Mwalimu, maji yangu yamefika!"

Darasa zima lilipiga makofi, wala hayakuwa mawili. Hakuna aliyemtaka arudie. Alirudia mwenyewe.