Msumari wa Arobaini na Moja

Ufunguo wa msumari wa arobaini na moja ulikuwa unabembea.

Nerima alisimama mlangoni na beseni la nepi kiunoni, akautazama. Dirisha lilikuwa limefungwa, pazia limetulia, na funguo nyingine zote, sitini na mbili, zilining'inia wima, kila moja na kikaratasi chake shingoni. Huo mmoja tu ndio uliokuwa unakwenda huku na huku, taratibu, kama mguu wa mgeni aliyekaa juu ya meza akisubiri wenyeji wamalize kula.

"Ni malori," alijiambia. Malori ya kwenda mpakani huitikisa nyumba mpaka vikombe vinasalimiana. Lakini ilikuwa saa saba mchana, foleni imesimama, madereva wameshuka kula. Barabara ilikuwa kimya.

Akaushika ili utulie. Ulikuwa na joto, joto la kitu kilichotoka mfukoni mwa mtu sasa hivi.

Mumewe, Owor, alikuwa fundi wa kufuli, na kibanda chake kilikuwa upande wa Busia ya Uganda, karibu kabisa na mpaka. Wenzake walifuga kuku, yeye alifuga makufuli: ya mabehewa ya reli ya Tororo, ya maghala ya pamba yaliyobomolewa zamani, ya makontena ya Malaba. Zamani funguo zake zililala ndani ya sufuria moja, zimechanganyikana kama maharage. Nerima, aliyefika kidato cha nne na ambaye fujo ilimwasha mwili kama upupu, ndiye aliyepigilia misumari kwenye ubao, akaipa namba, akaandika vikaratasi kwa mwandiko wake mzuri. Kila kufuli na ufunguo wake, msumari mmoja. Owor alijivuna kwa wateja: "Vyuma vyangu vinatunzwa na msomi!"

Kufuli la arobaini na moja lilitoka kwa wauza vyuma chakavu kule Tororo, jeusi, zito, limefungwa, halina ufunguo. Mwaka mzima Owor aliliita mgane. Halafu mwezi wa nne akarudi kutoka upande wa Kenya na mkebe wa funguo za kuokoteza, akakaa sakafuni kuzijaribu moja moja, mpaka mmoja ukazunguka. *Ka!*

"Bibi amerudi kwa bwana!" akacheka mpaka akajipiga mapaja.

Ndani ya kufuli kunaweza kuwa na nini? Hakukuwa na kitu, ila harufu ya kutu, na harufu hiyo ilipita puani mwa Nerima kama mtu anayeomba njia. Tumboni mwa kufuli palichorwa kwa msumari: OSIRE. Wakadhani ni jina la mwenyewe. Nerima akaliandika kwenye kikaratasi, akavitundika vyote pamoja, kwa sababu huo ndio utaratibu.

Mtoto alikuwa wa wiki mbili wakati huo, na alikuwa analia. Halikuwa tumbo, haikuwa homa. Mama mkwe, Apio, alikuja kutoka Kisoko, akamtazama mara moja tu, akasema, "Huyu analilia jina." Maana ndivyo ilivyo: wakubwa huwataja marehemu mmoja mmoja, na yule ambaye mtoto atanyamaza kwa jina lake, huyo ndiye amerudi. Apio akataja waliolala Kisoko wote, mpaka sauti ikamkauka. Mtoto akalia tu.

"Mama, tujaribu Okochi," Nerima alinong'ona. Okochi alikuwa baba yake, aliyefariki mwaka jana.

"Mtoto wa kwetu ataitwa kwa watu wetu."

Basi Nerima akamweka mtoto begani, akaenda kupanga funguo ili mikono ipate kazi, akisoma kwa sauti ya usingizi: "Thelathini na tisa, behewa. Arobaini, ghala. Arobaini na moja, Osire."

Mtoto akanyamaza kama redio iliyozimwa.

"Umesema nani?" Apio aliruka. "Rudia!"

"Osire."

Mtoto wa wiki mbili akatabasamu, na Apio akapiga vigelegele. Hakumkumbuka Osire yeyote kwenye ukoo, lakini wafu ni wengi, nani anawajua wote? Tangu siku hiyo mtaa mzima ukamwita Nerima Mama Osire, naye akaitika, mara ishirini kwa siku.

Sasa, mbele ya ubao, ufunguo ule ukiwa bado una joto kiganjani, alisikia kimya cha chumbani. Akaliacha beseni, akakimbia.

Mtoto alikuwa macho. Mdomo ulikuwa umefungwa.

Ilikuwa siku ya tatu. Ikifika saa saba mdomo unafungwa, ufizi kwa ufizi, haupenyi hata ncha ya kijiko. Siku ya kwanza ilichukua muda wa kusonga ugali. Siku ya pili ilifika saa kumi. Alimkimbiza kliniki, na pale pale kwenye benchi mdomo ukafunguka, mtoto akanyonya mpaka akalala, na Sista Juliet akasema, "Mama Osire, mtoto hana kitu. Wewe ndiye unahitaji kulala." Lakini leo alikuwa amelala tangu asubuhi bila kuonja kitu, mashavu yameingia ndani, na Nerima akamkamulia ziwa midomoni, na maziwa yakateremka shingoni, na akainama kumsihi, "Baba, fungua, nyonya kidogo tu, kidogo," na hapo ndipo alipoinusa ile kutu, inatoka puani mwa mwanawe, na sikio lake likiwa karibu hivyo akasikia, ndani ya mdomo uliofungwa, sauti ndogo ya chuma, *ka... ka... ka...*, kama mtu aliye gizani na rundo la funguo anajaribu mmoja, anaacha, anajaribu mwingine.

Alipiga kelele mpaka jirani yake, Roselyn, akaja na unga wa chapati mikononi. Roselyn akatega sikio, akarudi nyuma, akajifuta uso na unga.

"Dada," alisema polepole, "hii si ya sindano. Twende Sikuda, kwa mganga Alaso. Mwite huyo mume wako, na mbebe hiyo takataka ya chuma mlikotoa jina lake."

Walimkuta Alaso akimenya mihogo, mwanamke wa makamo, simu kifuani, miguu imejaa udongo wa shamba. Alipoona kufuli mkononi mwa Owor, na ufunguo ukiwa ndani yake, kisu kilimdondoka.

"Nani amewaoanisha hawa?"

Owor alitaka kutania, akashindwa. "Mimi... mimi ni fundi. Ulikuwa unaingia, nikauzungusha."

"Fundi! Hiyo nilifunga mimi, kwa mikono yangu hii. Kufuli nikapeleka Tororo, ufunguo nikauvusha Kenya, ili mpaka ukae katikati yao. Hicho kitu nilichofungia humo hakina kitambulisho cha kuvukia. Nyinyi mmekwenda kukivushia ufunguo kwa mkebe." Akageuka kwa Nerima. "Jina lake lilikuwa limechorwa hapo chini. Mmelipeleka wapi?"

Nerima alifungua kitenge, akamwonyesha mtoto.

Alaso akakaa chini, kwenye maganda.

"Na wewe wanakuitaje mtaani?"

"Mama Osire."

"Na unaitika?"

"Naitika."

"Kila ulipoitika, ulikuwa unazungusha ufunguo kidogo."

Hakukuwa na ngoma wala kuku. Alaso aliweka kufuli wazi karibu na midomo ya mtoto, akamwambia Nerima amwite mwanawe, si kwa lile, kwa jina lake la kweli. Owor akaanza kutaja babu zake wa Kisoko, na mtoto akazidi kuwa mgumu mikononi kama kuni. Nerima akamsukuma mumewe kwa kiwiko. "Okochi!" akaita, "Okochi, baba yangu, wewe uliyenipeleka shule kwa baiskeli, ni mimi Nerima wako, kama ni wewe uliyekuwa unalia siku zile nikakunyamazia kwa kuogopa wakwe, nisamehe, njoo ukae hapa, ni pako, usimwachie mwingine, Okochi, Okochi, Okochi!" na sauti ilipokwisha akaendelea kuita bila sauti.

Mdomo ukafunguka. Harufu ikatoka, nzito, ikawafanya wote wakohoe, na kufuli likajifunga lenyewe juu ya maganda. *Ka!*

Mtoto akalia, kilio cha njaa, kilio kizuri. Alinyonya maziwa yote mawili huku Owor akilia kama yeye ndiye mwenye njaa.

"Ufunguo uvuke leo leo," Alaso alisema. "Kufuli niachieni. Na jina lile lisitoke midomoni mwenu. Ukiitwa kwalo, mama, usiitike, hata kama ni sauti ya mumeo. Ukiitika, umekiri wewe ni mama yake."

Owor akauvusha jioni ile. Nerima aling'oa msumari wa arobaini na moja, akachoma kikaratasi, akalikwangua jina kwenye Biblia, akakata lile la kwenye kadi ya chanjo na kuandika Okochi, herufi kubwa. Akapita nyumba kwa nyumba: mimi ni Mama Okochi, tafadhali, Mama Okochi.

Siku tisa aliitwa. Saa saba, nyuma ya nyumba, kwa sauti ya Roselyn aliyekuwa sokoni: *Mama Osire, njoo uone!* Kwa sauti ya Owor, kutoka juu ya bati: *Mama Osire, nimeumia!* Aling'ata kitenge mpaka kikatoboka. Hakuitika. Siku ya kumi palikuwa kimya, na ya kumi na moja, na mtoto akanenepa, na Nerima akalala usingizi wa kukoroma.

Chanjo ya wiki ya kumi na nne ilipofika, akamfunga mgongoni, akaenda kliniki. Foleni ilikuwa ndefu. Ilipofika saa saba Sista Juliet akafungua kitabu kikubwa, kile kinachobaki pale kliniki, ambacho Nerima hakuwa amekikumbuka, akapitisha kidole.

"Mama Osire!"

Benchi zima likageuka. Nerima akafumba midomo.

"Mama Osire! Si ni wewe nakuona hapo? Au leo masikio umeacha nyumbani?"

Wanawake wakacheka. Nerima akatikisa kichwa, machozi yanamtoka, akainua mkono kumwomba anyamaze, lakini neno hakutoa. Hakuitika. Alikuwa ameufunga mdomo wake kwa nguvu zote alizojaliwa, na katika kuufunga huo wake, hakukumbuka kwamba alikuwa amebeba mdomo mwingine.

Sista akashusha pumzi, akasoma kitabu kama kilivyoandikwa.

"Osire."

Mgongoni, ndani ya kitenge chenye joto, mtoto alijisogeza. Harufu ya kutu ilimgusa Nerima shingoni. Kisha akasikia kitu kinasafisha koo, polepole, kama mtu mzima.

"Niko," kilisema.