Kasirika, Tangawizi!

Kaeni vizuri, watoto. Hadithi hii ina hasira ndani yake. Ikiwaka, msikimbie.

Juu mlimani kuna kijiji. Kila shamba la kijiji hicho lina tangawizi. Na kwenye nyumba moja kando ya barabara aliishi msichana mdogo, jina lake Nakijwa.

Nakijwa alikuwa na paka. Paka mwenyewe mkali! Ukimshika mkia, khhh! Ukimwamsha, khhh! Ukimchungulia tu akiwa anakula, khhh!

Ndiyo maana akaitwa Tangawizi. "Tangawizi ya shambani inawasha ulimi," Mama alisema. "Hii ya kwetu inawasha mikono."

Nakijwa alimpenda hivyohivyo. Yeye mwenyewe alikuwa mkali kidogo.

Alasiri moja, vruuum! Pikipiki iliteremka mlima na magunia nyuma. Vruuum! Ikapita mbele ya nyumba.

Nyau!

Pikipiki haikusimama.

Nakijwa alitoka mbio. Tangawizi alikuwa amelala kando ya barabara. Mguu mmoja wa mbele ulikuwa umevunjika. Jicho moja lilikuwa limevimba, halifunguki.

Nakijwa alimgusa mkia, polepole. Tangawizi hakusema khhh. Hakusema kitu.

Nakijwa akatazama barabara. Vumbi tu.

Nakijwa akakunja uso.
Akakunja ngumi.
Akapiga mguu chini. Pu!

"Hakusimama!" alisema. "Mama, hakusimama!"

Mama alimbeba Tangawizi kwa kanga, akamlaza ndani ya boksi. Alimfuta damu kwa maji ya uvuguvugu. Macho ya Mama yalikuwa na machozi.

"Tumpeleke kwa daktari wa paka," alisema Nakijwa.

"Hapa hakuna daktari wa paka, mwanangu. Yuko mjini, mbali huko."

"Basi daktari yeyote!"

"Yupo bwana mifugo tu. Na yeye huja siku ya chanjo ya ng'ombe."

"Siku ya chanjo ni lini?"

Mama alifikiri. "Ni kesho."

Mama akatafuta kwenye kabati. Akapata dawa yake ya kichwa, akaivunja katikati. "Labda itamtuliza maumivu," alisema. Lakini Tangawizi alifunga mdomo. Akakataa kabisa. Nakijwa akaifunga nusu ile kwenye pindo la kanga yake, ajaribu tena baadaye.

Asubuhi, uwanja wa soko ulijaa. Ng'ombe, muuu! Mbuzi, mee! Kuku kwenye matenga, ko-ko-ko! Watu wote walipanga foleni.

Nakijwa naye akapanga foleni. Alikuwa na boksi. Ndani ya boksi, kimya.

Mbele yake alikuwa Bibi Namsifu na mbuzi wake mweupe. Bibi akachungulia. "Umeleta kifaranga?"

"Nimeleta paka, Bibi."

"Paka!" akacheka mzee mmoja mwenye ng'ombe watatu. "Jamani, njooni muone! Paka kwenye foleni ya ng'ombe!"

Wakacheka, ha ha ha! Hata mbuzi akalia, mee!

Nakijwa akakunja uso.
Akakunja ngumi.
Akapiga mguu chini. Pu!

Lakini hakutoka kwenye foleni. Foleni ikasogea, naye akasogea. Ikasogea tena, naye akasogea tena.

Hatimaye akafika mbele. Bwana mifugo alivaa buti ndefu na koti la buluu. Mkononi alikuwa na bomba la sindano, kubwa ajabu.

Nakijwa alikuwa na hasira, lakini adabu alikuwa nayo. "Shikamoo, bwana mifugo."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Paka wangu. Amegongwa na pikipiki."

Bwana mifugo akachungulia ndani ya boksi. Akatikisa kichwa. "Pole, mtoto mzuri. Mimi ni bwana mifugo. Mfugo ni ng'ombe. Mfugo ni mbuzi. Mfugo ni kuku. Paka si mfugo. Haya, anayefuata!"

Anayefuata! Hasira ya Nakijwa ilipanda kutoka miguuni. Ikapita tumboni. Ikafika masikioni, yakawa ya moto.

"Kwani mfugo ni nini?" aliuliza kwa sauti kubwa.

"Mfugo? Mfugo ni mnyama anayefugwa."

"Mimi namfuga!" alisema Nakijwa. "Namfuga Tangawizi! Nampa dagaa. Nampa maji. Namlaza. Namfuga kila siku! Basi ni mfugo!"

Akapiga mguu chini. Pu!

Uwanja wote ukageuka kumtazama. Ng'ombe nao wakageuka.

Bibi Namsifu ndiye aliyecheka kwanza. "Bwana mifugo, hapo amekubana! Mtibu mfugo wa mwenzio."

Bwana mifugo akakuna kichwa. Akaweka bomba chini. Akapiga magoti kwenye vumbi, mbele ya boksi.

"Nikwambie ukweli?" alisema kwa sauti ya chini. "Sijawahi kutibu paka. Begi langu lote ni la ng'ombe."

Alilifungua, wakatazama. Kamba nene. Dawa ya kupe. "Hii ni kali mno kwa paka, hatumpaki." Mbao za kufungia mguu wa ndama. Kila mbao ilikuwa ndefu kuliko Tangawizi mzima, na mkia wake!

"Na hiyo pindoni ni nini?" aliuliza bwana mifugo.

Nakijwa akafungua pindo. "Dawa ya kichwa ya Mama. Jana Tangawizi aliikataa."

Bwana mifugo akaichukua upesi. "Afadhali alikataa! Hii kwetu ni dawa, kwa paka ni sumu. Usimpe kamwe. Mwambie na Mama."

Nakijwa akamtazama Tangawizi. Ubishi wa paka huyu! Ubishi wake ndio uliomwokoa.

Bwana mifugo akapanda juu ya jiwe kubwa, maana mtandao ulipatikana hapo tu. Akampigia mwenzake wa mjini, yule anayetibu paka.

"Haloo! Nina paka hapa. Mguu umevunjika. Ndiyo, paka! Dawa ya maumivu nimpe kiasi gani? Ng'ombe nampa bomba zima."

Akasikiliza. "Tone? Tone tu?"

Akasikiliza tena. "Haya. Tone tu!"

Akateremka. Akampa Tangawizi tone la dawa mdomoni. Akamsafisha jicho kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. "Sasa mguu," alisema. "Nahitaji kijiti kidogo, kilichonyooka."

Mfukoni Nakijwa alikuwa na rula ya shule. Rula ya mbao, nzuri, imeandikwa jina lake.

Hakufikiri mara mbili. Akaiwaza ile pikipiki. Akaziwaza zile ha ha ha. Akaiweka rula juu ya goti. Kacha! Ikawa vipande viwili.

"Hii hapa," alisema.

"Kumbe hasira nayo ina kazi!" alisema bwana mifugo. Akakwangua ncha zake zisichome. Akaweka pamba. Akaweka kipande huku na kipande huku. Bibi Namsifu akachana pindo la kanga yake, chwaaa! Wakazungusha, wakafunga.

Kwenye bandeji, jina la Nakijwa likachungulia kidogo. Naki.

"Atapona?" aliuliza Nakijwa.

Bwana mifugo akamtazama paka tena. "Mguu tumeufunga. Ila huenda ameumia na ndani, na mimi ndani sioni. Mashine ya kuona ndani iko mjini." Akainuka, akajipangusa magoti. "Huyu paka ni mpole siku zote?"

"Mpole? Ni mkali kupita kiasi!"

"Basi subiri ukali wake. Paka mgonjwa sana hana hasira. Siku akikasirika, ujue anapona."

Nakijwa akarudi nyumbani na boksi. Ndani ya boksi, kimya.

Mama akachemsha dagaa. Nakijwa akamnywesha Tangawizi supu kwa kijiko. Tone, tone, tone.

Akamshika mkia. "Kasirika, Tangawizi!"

Kimya.

Kesho yake akamnywesha tena. Tone, tone, tone. Akamchungulia karibu kabisa, pua kwa pua. "Kasirika, Tangawizi!"

Kimya.

Akamwita panya. Akamwita kiazi. Akamwita soksi ya Baba. "Kasirika basi!"

Kimya. Tangawizi alipumua tu, polepole, amefumba macho.

Sasa Nakijwa aliogopa. Na alipoogopa, akakasirika zaidi. Aliikasirikia pikipiki. Aliukasirikia mji, kwa kuwa mbali. Aliikasirikia ile mashine, kwa kukaa huko.

Nakijwa akakunja uso.
Akakunja ngumi.
Akapiga mguu chini. Pu!

Halafu akalia. Mama akamkumbatia, na hakumwambia anyamaze.

Siku zikapita. Tone, tone, tone. Uvimbe wa jicho ukapungua. Lakini khhh haikusikika.

Jioni moja, hodi! Hodi!

Mlangoni alisimama Kaka Zefania, yule anayebeba magunia ya tangawizi kwa pikipiki. Pikipiki hakuja nayo. Alikuja kwa miguu. Mkononi alikuwa na kifuko cha dagaa.

"Karibu, Zefania," alisema Mama. "Kuna nini?"

Zefania aliangalia chini. "Ni mimi, Mama Nakijwa. Niliyemgonga paka ni mimi."

Nakijwa alisimama.

"Kwa nini hukusimama?" aliuliza.

"Niliogopa, mdogo wangu. Nilijua utakasirika."

"NIMEKASIRIKA!" alisema Nakijwa. "Nimekasirika sana! Ungesimama, tungembeba pamoja! Ungesimama, ungetupeleka mjini!"

"Ni kweli," alisema Zefania. "Nimekosa. Nisamehe."

Nakijwa hakusema nimekusamehe. Neno hilo lilikuwa bado halijatoka. Akaonyesha boksi kwa kidole. "Usiniombe mimi. Muombe yeye."

Zefania, na urefu wake wote, akachuchumaa mbele ya boksi. "Tangawizi," alisema, "pole sana. Nimekuletea dagaa."

Akanyoosha mkono.

Jicho moja likafunguka. Na la pili likafunguka. Masikio yakalala nyuma.

KHHHHHH!

Na mkono ule, chwaa! Kucha tatu, alama tatu.

"Mamaaa!" alipiga kelele Zefania.

"Mama!" alipiga kelele Nakijwa. "Amekasirika! Mama, Tangawizi amekasirika!"

Akaruka. Akapiga makofi. Akacheka mpaka akakaa chini. Mama akacheka. Zefania naye akacheka, huku analamba mkono wake.

Tangawizi hakucheka. Alivuta kifuko cha dagaa kwa mguu wake mzima, akaanza kula. Zefania akamchungulia.

Khhh!

"Nimeondoka! Nimeondoka!" alisema Zefania. Mlangoni akageuka. "Siku ya chanjo ijayo nitawapeleka kwa bwana mifugo, akamwone. Nitaendesha polepole."

"Polepole sana," alisema Nakijwa.

"Polepole sana."

"Na ukigonga kitu, utasimama?"

"Nitasimama."

Nakijwa akamtazama. Akakunjua ngumi moja. "Haya. Nusu nimekusamehe. Nusu nyingine ukisimama."

Kukaingia giza. Mama akatandika kitanda. Boksi likawekwa chini, karibu na mto wa Nakijwa, ili mkono wake ufike.

"Hasira imekwisha?" aliuliza Mama.

"Imebaki kidogo," alisema Nakijwa. "Naiweka. Huenda ikahitajika."

Mama akambusu. Akapunguza taa.

Nakijwa akanyoosha mkono gizani, polepole, akamgusa Tangawizi mkia.

Tangawizi akakunja uso.
Akakunja kucha.
Akapiga mkia chini. Pu!

"Lala salama, mkali wangu," alisema Nakijwa. Akatabasamu, akalala.

Hadithi imepoa, watoto. Nanyi laleni. Ila mkia wa mtu msiushike.